Jina Alilotaja Yasinta

Mwanangu alitoka damu kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Muda wote huo pikipiki yangu ilikuwa uani, tangi limejaa, ufunguo mfukoni mwangu.

Nitukaneni tu kwenye komenti, nimezoea.

Naitwa Bonifasi, mkulima wa alizeti, Sepuka. Ezekieli alikuwa na miaka sita. Juni ile tulimtahiri nyumbani, kwa ngariba yuleyule aliyenitahiri mimi.

Wenzake wawili waliotahiriwa naye walikauka mapema. Wa kwangu damu ikagoma kukata. Khanga ya kwanza ikalowa, ya pili nayo ikalowa.

Sasa kwenye ukoo wetu kuna imani. Damu ya tohara ikigoma, mama wa mtoto kaficha mwanaume, na asipomtaja, mtoto hatoki uani.

Shangazi yangu Dorika alimkalisha mke wangu, Yasinta, chini kwenye vumbi.

"Mtaje."

"Shangazi, sina mwanaume. Tumpeleke hospitali mjini."

"Ukimtaja, ataenda."

Yasinta akanigeukia. "Baba Eze, mtoto midomo imepauka. Washa pikipiki."

Nikaangalia pembeni. Wivu ulishanipanda, nilitaka kulisikia hilo jina.

Saa nane mtoto akaacha kulia, akawa anasinzia tu kwenye mkeka. Ndipo Yasinta akasema taratibu, "Alute."

Nikamzaba kofi mbele ya watu. Halafu nikawasha pikipiki.

Ezekieli alifika hospitali akiwa hai, wakamtoa damu ya kupima. Kabla jua halijazama, akafariki.

Tulipomaliza kuzika nikamrudisha Yasinta kwao, Unyambwa. Nikabaki hukohuko na fimbo, napita kila kijiwe nauliza Alute ni nani. Wazee waliniangalia, wakanyamaza. Nikajua wanamficha.

Wiki mbili baadaye daktari akatuita wote wawili kwa majibu.

"Mama, una kaka?"

"Nilikuwa nao wawili. Walitahiriwa siku moja, damu haikukata. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka."

Daktari, aliyeshasikia kwa Yasinta habari ya jina, akasema, "Ini hutengeneza protini ya kugandisha damu. Jeni yake, kwa mwanao, ilikuwa na hitilafu. Mama huibeba bila kuugua, mtoto wa kiume ndiye anayeumia. Hakuna mwanaume mwingine hapa. Mngemleta asubuhi, tungekuwa na la kufanya."

Nikauliza, "Hao kaka zako waliitwa nani?"

"Sostenes," akasema. "Na Alute."

Nilikosa pa kuficha uso.

"Mama yangu naye walimkalisha chini hivyohivyo," akasema. "Mlitaka jina la mwanaume, Baba Eze. Pale kwenye mkeka nilikuwa namwona kaka yangu."

Hakurudi kwangu, na sina cha kumlaumu.

Ndugu yangu unayesoma, mtoto akitoka damu mkimbize hospitali. Maswali yatakusubiri.

Mimi siku hizi ufunguo nauacha kwenye pikipiki. Jirani mwenye mgonjwa achukue, asiniombe.