Siku Niliyoficha Barua ya Dada Kerubo

Juzi binti yangu alikuwa akisoma kitabu cha historia, nikaona picha ya msichana mweusi akienda shuleni Marekani, vitabu kifuani, umati wa Wazungu ukimzomea nyuma.

Picha kama hiyo niliiona mara ya kwanza nikiwa mtoto, kijijini kwetu Manga, alasiri moja ya mvua, jikoni kukinukia moshi na ndizi za kuchemsha. Dada yangu Kerubo alikuwa amepata barua ya kukubaliwa chuo kikuu huko Marekani. Mama aliimba nyimbo za kanisani kwa furaha. Mimi nilikuwa nimefungua kitabu cha dada, na ndani yake nikaikuta picha hiyo. Nilidhani picha ilipigwa jana, na kwamba watu wale walikuwa wakimngoja Kerubo.

Nikaichukua barua mezani, nikakimbilia shamba la chai, nikajikunyata chini ya michai. Nilisikia nikiitwa, nikaziba masikio.

Kerubo ndiye aliyenipata. Barua ilikuwa imelowa.

"Watakupiga," nikamwambia huku nikilia, nikamweleza kuhusu picha.

Aliketi matopeni kando yangu. "Hayo ni ya zamani sana, mdogo wangu. Na yule msichana aliingia darasani."

"Kwa hivyo wewe huogopi?"

Alinishika mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi kuliko vyangu.

Siku hiyo nilidhani ni baridi ya mvua. Sasa najua aliogopa kuliko mimi, na bado akaenda.