Samaki Waliorudi Mto Thuci

Sisi tuliokulia huku Embu miaka ya kwanza ya uhuru tulikula nduma, githeri na ndizi za kuchoma, lakini samaki, Mungu ni shahidi, hakuna aliyemtia mdomoni. Wazee wetu walimhesabu kuwa ndugu ya nyoka. Sufuria iliyompika ingetupwa pamoja naye.

Basi hebu fikirini kijiji kilivyomcheka baba yangu. Alipokuwa kibarua katika kambi ya wavuvi wageni kule mlimani alijifunza kuvua trauti, yule samaki wa madoadoa wa maji baridi, na mapenzi hayo hayakumtoka tena. Kila Jumamosi, kazi ya shamba ikiisha, alichukua fimbo yake ya kuvulia, mimi binti yake nikabeba chupa ya uji, tukapanda hadi Mto Thuci unapotoka msituni. Alivua, akamtazama samaki, akamrudisha majini.

"Baba Karimi!" jirani yetu alikuwa akimwita kutoka kwenye mibuni yake. "Leo umewaogesha wangapi?"

Baba alicheka naye. Mama hakucheka. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, na maneno hayo yalimfuata hadi kanisani. Jumamosi moja alisimama mlangoni akiwa ameishika ile fimbo.

"Hii leo itachemsha chai," alisema.

"Mama Karimi, twende ukaone kwanza," baba akamjibu kwa upole. "Usipoona maana yake, mimi mwenyewe nitaikata kuni."

Njiani niliomba kimoyomoyo. Jumamosi zile ndizo zilizonifundisha sauti ya ndege mdiria kabla hajapiga mbizi, na harufu ya majani yaliyokanyagwa na nyati usiku. Baba alikuwa akiniambia, "Anayetaka samaki ataangalia samaki tu. Anayeweza kungoja ataonyeshwa vyote."

Mama hakujua kungoja. Alivunja vijiti, akauliza kama tumefika, akaanza wimbo wa kwaya. Baba akamwekea kidole mdomoni. Hata mimi niliogopa! Lakini mama alinyamaza, na msitu ukaanza kurudi. Mbega walishuka matawini, mmoja amekumbatia mtoto mweupe pe. Ng'ambo fisi-maji alitoa kichwa, akatutazama kama mwenye shamba, akazama.

Ndipo mshipi ukakaza. Baba alimvuta samaki taratibu. Kijino cha ndoana alikuwa amekisugua kwa tupa ili kisimuumize.

"Njoo umshike."

"Mwathani, Bwana wangu! Mimi nishike nyoka?"

"Lowesha mikono kwanza. Mkono mkavu unambabua."

Mama akaichovya mikono yake ya jembe katika maji ya barafu, akafumba macho, akapokea. Baba akamwonyesha kumwelekeza samaki kule maji yanakotoka, apate pumzi. Mama akafumbua macho.

"Anapumua," alinong'ona. "Baba Karimi, anapumua mikononi mwangu."

Samaki akapiga mkia, akaenda zake. Mama alibaki amechuchumaa, mikono bado majini. Mwishowe akasema, "Nimeimba habari za uumbaji miaka yote hii, na sikuwahi kuugusa."

Tulipofika nyumbani baba alimuuliza kuhusu fimbo. "Isimamishe pale kwenye mwavuli wangu wa kanisa," alisema, "isije ikaliwa na mchwa."

Wote wawili wamelala sasa, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yao. Thuci umepungua; mahali baba aliposimama maji yakimfika magotini, leo unavuka na viatu. Wajukuu wangu wanakula samaki bila woga, tena kwa pilipili, lakini wakimvua mmoja humshikilia nje ya maji hadi picha itoke vizuri. Juzi nilikwenda nao mtoni, na samaki akanasa. Mjukuu wangu wa kike alikuwa tayari ameinua simu, kisha akanitazama, akairudisha mfukoni.

"Shosho," akaniuliza, "ulisema nilowesheje mikono?"