Nguruwe wa Tatu

Maeng Gyu-ho aliigiza miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo alikufa mara thelathini na moja. Alizama, akanyongwa, akagongwa na lori la kabichi. Watengeneza filamu wadogo wadogo, wale wasio na kampuni kubwa nyuma yao, walimpenda kwa sababu alijua kubana pumzi na hakulalamikia baridi. Mjini kwao Jeonju, Korea Kusini, watu humtazama sokoni wakisema, "Huyu uso wake naujua," halafu hushindwa kukumbuka wapi. Si kosa lao. Mara nyingi alikuwa kafunikwa shuka.

Mwenye jina hasa ni mama yake. Mama Gyu-ho huuza supu ya kichwa cha nguruwe katika soko la kusini, na ulimi wake ni mkali kuliko kisu chake. "Wenzako wana wake na watoto," humwambia mwanawe, "wewe una maiti."

Alipofika miaka thelathini na minne Gyu-ho akaona kufa kumetosha, akaanza kuongoza filamu zake mwenyewe. Ya kwanza mvua iliwaandama wiki tatu, ikaishia kuonwa na watu arobaini, nusu yao jamaa. Ya pili mwigizaji mkuu alivunjika mguu siku ya nne, tena akishuka kitandani, si hata kazini. Basi mama akamkalisha kitako. Ya tatu ikianguka anavaa aproni, anashika kisu, na habari za filamu zimekwisha. Gyu-ho akakubali, maana hata yeye alishaanza kuamini kwamba ana nuksi.

Sasa, kule hakuna anayewasha kamera siku ya kwanza kabla ya tambiko. Meza huandaliwa, kichwa cha nguruwe kilichochemshwa huwekwa katikati, watu humsujudia mmoja mmoja, humimina pombe ya mchele, humtia noti mdomoni na kuomba heri. Na nguruwe lazima awe anacheka. Aliyenuna huleta mikosi. Wanaocheka ni wachache, na watu wa filamu hufunga safari kutoka Seoul hadi kwa Mama Gyu-ho, kwa kuwa hakuna ajuaye kuwachagua kama yeye.

Ila wale wa mwanawe, mara zote mbili, walinuna kama walionyimwa chakula. "Ndiye aliyebaki," mama alisema kila mara.

Asubuhi ya filamu ya tatu, uani nyuma ya kiwanda cha zamani cha karatasi, watu tisa walikuwa wakimngoja mama. Ha-jin, msichana aliyeshika kamera, alikuwa na wasiwasi kumshinda mwongozaji mwenyewe.

"Kaka, akileta aliyenuna tena?"

"Tutamgeuza atazame ukuta."

"Mimi nimechora wangu, wa akiba. Anacheka hadi masikioni."

"Ukimwonyesha mama mchoro, nakufa mara ya thelathini na mbili, na hii itakuwa ya kweli."

Mama akaingia amekumbatia beseni lililofunikwa kitambaa. Akalitua mezani bila kumsalimu mtu, akasimama mbele ya mwanawe.

"Kabla sijafunua. Wale wawili wa kwanza niliwachagua makusudi. Wanaocheka walikuwepo. Niliwauzia wengine, nikakuletea walionuna. Nilitaka urudi nyumbani."

Hasira ilimpanda Gyu-ho, hasira ya miaka mitano. Mvua ile! Mguu ule!

"Kwa nini unaniambia leo, mama?"

"Nilikwenda kuitazama ile filamu ya juzi, uliyoigizia wenzako. Ile ambayo hufi."

Ilikuwa sehemu ndogo: mtu anakula supu peke yake, dakika mbili, bila neno.

"Unainamia bakuli, unapuliza upande mmoja tu." Akapangusa ukingo wa beseni. "Baba yako alikula vile. Miaka kumi na sita sijamwona akila. Nikabaki ukumbini, nikaitazama tena katika onyesho la mchana."

Akafunua kitambaa. Nguruwe alicheka, meno nje, macho yamefinywa kwa raha.

"Watu wa Seoul wamenibembeleza mwezi mzima. Nikawaambia, huyu ana mwenyewe."

Gyu-ho, ambaye hakuwahi kulia mbele ya kamera bila kupakwa kitunguu, alipiga magoti kusujudu, akashindwa kuinuka. Ha-jin akawa analaani chini kwa chini kwamba kamera haijawashwa.

"Futa makamasi," mama alisema, akimsogezea kikombe cha pombe. "Mwenzako anacheka."