Mama Alivaa Kijani

Amahoro admin, na amahoro kwenu wote mnaosoma. Jina langu lifiche kabisa, maana Rumonge hapa tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, nina mke na mtoto mmoja, na kazi yangu ni kupiga video. Nina chumba karibu na soko, ukutani nimetundika kitambaa cha kijani. Ukisimama mbele yake nafuta ule ukijani kwenye kompyuta, nakuweka unapotaka wewe: Makka, uwanja wa ndege, mbele ya ghorofa. Maharusi wanapenda sana. Na bila kujisifu, hapa mjini hakuna anayenishinda kupanga taa. Mbili za kitambaa, mbili za mtu, na mtu asimame hatua tatu mbele ili kivuli chake kisianguke nyuma. Mlangoni nimebandika karatasi: USIVAE KIJANI. Kompyuta haijui nguo wala kitambaa. Ukiiambia ifute kijani, inafuta chote.

Sasa sikilizeni. Kaka yangu mkubwa aliuza sehemu ya shamba la michikichi la marehemu baba bila kumuuliza mama, akaenda zake Ulaya. Mama alisema mbele za watu, "Huyo sina radhi naye." Miaka sita hawakuongea. Kwetu sisi Waislamu wa hapa neno hilo si mchezo. Kaka akifukuzwa kazi huko, mke wake akiharibikiwa na mimba, ananipigia analia, "Mdogo wangu, ni radhi ya mama hii."

Mwaka huu baada ya Idi, mama akaingia studio bila kuniambia. Amejitia manukato, amevaa gauni la kijani kibichi. Nililijua lile gauni. Kaka alimtumia mwaka ule wa kwanza kuomba msamaha, mama akalifungia sandukuni, hakuwahi kuligusa.

"Nipige video nimutumie kaka yako," akasema. "Kwa simu nitalia tu, na simu inakatika. Video atabaki nayo."

"Mama, hiyo rangi..."

"Rangi iko na nini? Ni yeye alinitumia. Akiiona atajua moyo wangu umekuwa mweupe."

Ndugu zangu, kushusha kile kitambaa ni dakika tano. Nyuma yake kuna ukuta mweupe, safi. Lakini taa nilizipanga tangu asubuhi kwa ajili ya bibi harusi aliyekuwa njiani, na nikaona uvivu kuzipanga upya. Nikasema nitajua la kufanya kwenye kompyuta. Mama akakaa, akatazama kamera, akasema, "Mutoto wangu, nimekusamehe. Radhi yangu unayo, ya dunia na ya akhera. Mimi na wewe hatudaiani tena." Mimi nyuma ya kamera nililia jamani.

Ningeituma vile vile ilivyo, leo nisingekuwa nawaandikia. Lakini nikataka kuonyesha ufundi, nimweke mama mbele ya ziwa kule Kabonga alikozaliwa. Nikafuta kijani. Gauni nalo likaenda. Kikabaki kichwa cha mama na mikono miwili juu ya maji, vinaongea. Rafiki yangu alikuwa amekuja kunisalimia, akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka naye. Mungu anisamehe. Tukakata kipande kifupi, tukaondoa sauti, tukatia muziki wa kuchekesha, nikaweka status. Mara bibi harusi huyo. Kadi ya kamera ilikuwa imejaa, nikaifuta nikidhani video yote nimeshaihamisha. Kumbe nilikuwa nimeifungua moja kwa moja kutoka kwenye kadi, na kwenye kompyuta nilikuwa na kile kipande cha muziki tu.

Kesho yake kilikuwa kimeshazunguka soko zima. Muuza samaki wa ndagala mmoja alimuonyesha mama. Nilipokwenda kwake aliniambia, "Wanasema umenifanya kichwa kinaelea." Akatabasamu kidogo. "Haizuru. Kaka yako amesikia maneno yangu?"

Nikasema, "Amesikia, mama. Amelia sana."

"Alhamdulillahi," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Nilipanga Ijumaa nimrudishe studio nimpige upya, nikamwambia ile ya kwanza haikuwa na mwanga mzuri. Alhamisi presha ikapanda, akaanguka uani, hata alasiri haikufika. Kaka hakuweza kuja kuzika, hana karatasi.

Sasa shangazi amemwambia kaka kwamba mama alirekodiwa. Ananipigia kila siku. Nimemwambia maneno yote, neno kwa neno. Akasema, "Wewe kazi yako ni kuweka watu mahali hawajafika. Nitumie nimsikie mwenyewe." Nikamwambia nasafisha sauti kidogo. Nimesafisha wiki tatu.

Yule rafiki yangu ananiambia, simuni si una sauti za mama? Ninazo. Mama ananituma sabuni, mama ananisema kwa nini sijala kwake. Anasema ipo programu inayosikia sauti ya mtu, halafu unaiandikia maneno inayasema. Jana nilijaribu sentensi moja. Ikatoka sauti ya mama kabisa, mpaka mke wangu akatoka jikoni anakimbia. Nikaizima.

Maneno ni yake, wallahi aliyasema. Nikiyatuma hivyo, kaka atapumua baada ya miaka sita, lakini nitakuwa nimemsemesha marehemu. Akija kugundua, hata radhi yenyewe hataiamini tena. Nikimwambia ukweli, itabidi nimwambie pia kwamba nilicheka.

Wenye hekima, wenye dini, hata mtakaonitukana, nitasoma yote. Nimtumie, au nimwambie? Na mimi niliyemdanganya mama yangu mpaka akaingia kaburini akiamini mwanawe amemsikia, radhi yangu mimi nitaiomba kwa nani?