Nilivyowahesabu ng'ombe wa baba mara mbili kwenye utafiti wa Masters wa dada Restituta, Mbulu na Hanang

"Jumanne, 14 Oktoba. Upepo tangu alfajiri, vumbi jekundu kutoka mashamba ya ngano, jua kali. Leo nimemwona Miwani. Yuko hai."

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Huo mstari hapo juu nimeunakili kutoka kwenye daftari langu la zamani, miaka ya themanini katikati, wakati mashamba ya ngano ya serikali kule Hanang yakiwa yamepamba moto.

Nimeona uzi wa kijana anayeuliza kama Masters ya kilimo na maliasili ina faida, maana ati ni kujaza fomu tu na kurudi chuo. Mimi Masters sina. Nina darasa la saba. Ila niliwahi kumbebea fomu mtu aliyekuwa anaitafuta, na nusura nimharibie. Mtakaosema hii ni chai, semeni, lakini daftari ninalo. Nisipokumbuka kitu nitasema sikumbuki.

Twende.

Mwaka ule alikuja kwetu Tlawi, huku Mbulu, dada mmoja anaitwa Restituta, mwenyeji wa kanda ya ziwa, anasoma Masters. Utafiti wake ulikuwa malisho. Alitaka kujua nyasi za huku juu Mbulu na za kule chini Hanang zinatosha ng'ombe wangapi, na ng'ombe waliopo ni wangapi, hasa baada ya sehemu kubwa ya tambarare kulimwa ngano.

Alihitaji mtu wa kumsaidia anayejua Kiiraqw na anayeandika mwandiko unaosomeka. Katibu wa kijiji akanitaja mimi. Sijui kwa nini. Kulikuwa na vijana wa sekondari.

Kazi yenyewe ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na fomu. Swali la saba ndilo lilikuwa roho ya fomu: "Una ng'ombe wangapi?"

Wakuu, kama si mtu wa huku huenda hujui. Kumuuliza Mwiraqw au Mbarabaig ana ng'ombe wangapi ni kama kumuuliza mtu usiyemjua amelala na nani. Atakujibu, ila atakujibu anavyotaka. Dada aliambiwa hivyo chuoni, ndiyo maana alitaka mtu wa hapahapa aulize. Mtu akiulizwa na mtoto wa jirani atasema kweli.

Na kweli walisema kweli. Shika hapo, ndiko kosa lilikotokea.

Nyumba yetu ilikuwa kaya namba 31. Dada Restituta alikuwa nje anapima mteremko wa shamba. Baba alimtuma mama akalete kuni, akanisogelea.

"Andika kumi na moja," akasema.

Nikageuka kutazama zizini. "Baba, mbona wako wanne."

"Umeniuliza ninao wangapi, au umeniuliza unaona wangapi?"

"Unao."

"Basi andika. Na mama yako asisikie, wala baba yako mdogo. Nimekujibu kwa sababu ni wewe. Angeuliza yule dada, ningesema wanne."

Niliandika 11. Sitaficha, nilijisikia mtu mzima siku ile. Sikuuliza saba wengine wako wapi. Nilijua wako kwa rafiki, kila mtu wa juu ana rafiki huko chini. Huku Tlawi mashamba ni vipande na malisho ni pembezoni mwa mashamba, kwa hiyo ng'ombe unampeleka kwa mtu wa tambarare. Yeye anakamua na anapata ndama mara mojamoja, wewe mali yako inakua mbali na macho ya ndugu. Ni utaratibu wa tangu mababu. Rafiki wa baba alikuwa nani, hilo sikulijua.

Oktoba tukashuka Hanang. Dada alipanga chumba kwa mama mmoja Katesh, mimi nikalala stoo ya mama huyohuyo.

Niseme haki hapa, maana watu wakisikia mashamba ya ngano wanataka kusikia ubaya tu. Gari la shamba lilitupa lifti mara nyingi bila kutudai kitu. Zahanati yao ilinitibu malaria. Na mkate niliokula Katesh ulikuwa mkate kweli. Lakini pia niliona ngano imelimwa hadi kwenye bonde ambako wafugaji walikuwa wanakimbilia kiangazi, na njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji ikabidi izunguke mbali. Vyote viwili niliviona kwa macho yangu.

Ile Jumanne tukafika boma la Mzee Gidabuya, Mbarabaig mrefu, mcheshi, anaongea Kiiraqw kama sisi. Dada akamwamkia, mzee akaitikia kisha akanigeukia.

"Binti huyu anahesabu ng'ombe za watu. Kwao wanataka mahari ya wangapi?"

Nikamtafsiria dada. Dada akasema, "Mwambie ninahesabu kwanza nione kama anaweza kunilipia." Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo alijibu kila kitu. Swali la saba akajibu: sitini na mbili.

Nikaandika 62. Nikainua macho, nikamwona Miwani.

Miwani alikuwa ng'ombe wetu. Mweupe, ana duara jeusi kila jicho, na sikio la kushoto lilichanwa na fisi akiwa ndama. Nimemchunga mwenyewe. Miaka minne nyuma baba mdogo alikuwa anamwozesha mwanawe, mahari ikapungua ng'ombe mmoja, akaja kumwomba Miwani. Baba akamwambia Miwani amekufa bondeni kwa ugonjwa, wamemfukia hukohuko. Mama alilia. Mimi pia.

Nilipiga mluzi niliokuwa nampigia zamani. Akageuza kichwa. Ila ng'ombe wengine wawili nao waligeuka, kwa hiyo sitasema mluzi ulikuwa ushahidi.

Mzee Gidabuya akaniona. "Unamkazia macho sana huyo. Baba yako hajambo?"

Nilikuwa sijamwambia baba yangu ni nani.

"Una pua yake," akasema, akaenda zake kuwafungulia ndama.

Nilitembea kurudi barabarani. Kuhusu baba nilikuwa na uchungu, lakini kulikuwa na jambo jingine linakuja polepole, maana mimi si mwepesi wa hesabu. Kule Tlawi nimeandika ng'ombe saba wa baba. Hapa nimeandika ng'ombe haohao saba ndani ya sitini na mbili. Na kama baba yuko hivyo, na kaya namba 30 je? Na 32?

Watu walituambia ukweli, na ukweli ndio uliharibu hesabu. Wangetudanganya kama walivyozoea kuwadanganya maofisa, hesabu ingekaribia kuwa sawa.

Nilinyamaza siku tisa. Nimezihesabu kwenye daftari. Niliogopa kumuumbua baba, niliogopa kufukuzwa kazi, na niliogopa pia kwamba labda nimekosea, mimi darasa la saba ni nani wa kumsahihisha mtu wa Masters? Sijui hata leo ni hofu ipi ilikuwa kubwa. Ningependa kusema ni ya baba.

Siku ya kumi, jua likielekea kuzama, dada Restituta alikuwa mezani na kalkuleta anajumlisha. Akashika kichwa.

"Hii namba inatisha," akasema. "Nikiipeleka hivi ilivyo, wilayani watasema wafugaji wapunguze ng'ombe nusu. Na watakaosema hivyo watashika kitabu changu mkononi."

Nikasema, "Dada, baba yangu nimemwandika mara mbili."

"Baba yako anaishi Tlawi."

"Yeye ndiyo. Ng'ombe wake saba wako kwa Mzee Gidabuya."

Akazima kalkuleta. "Wangapi wengine wako hivyo?"

"Sijui. Wengi. Kila mtu ana rafiki."

"Umejua tangu lini?"

"Kwamba watu wanawekeana ng'ombe, tangu nazaliwa. Kwamba ni kosa kwenye fomu, tangu Jumanne ya wiki iliyopita."

"Na hukuniambia."

"Hukuuliza."

Jibu lile lilikuwa la kijinga. Nimeliandika kwenye daftari na kulipigia mstari wa chini.

Hakunigombeza. Akasema kitu ambacho sijakisahau: "Swali niliandika mimi, nimekaa kwenye kiti huko chuoni. Wewe ulilisoma tu." Nadhani alinionea huruma, maana kosa tuligawana. Siku tisa zile zilikuwa zangu peke yangu.

Kesho yake tulirudi kwa Mzee Gidabuya. Dada akataka amtajie ni ng'ombe gani wa nani.

Mzee akamtazama. "Binti, hilo hata mke wangu mkubwa hajaniuliza."

"Basi nifanyeje, mzee? Nikikosea hapa mtaambiwa muuze."

Akafikiri, anachokoa meno kwa kijiti. "Usiulize wa nani. Usiulize mtu anao wangapi. Njoo alfajiri uhesabu waliolala hapa. Ng'ombe halali maboma mawili."

Wakuu, ni hivyo tu. Maneno yaleyale ya baba, kuwa nao na kuwaona, nilikuwa nimeyabeba kichwani tangu kaya namba 31 na sikuyajua thamani.

Ila kurudia kazi si mchezo. Tulianza upya Hanang, alfajiri kila boma, halafu Mbulu. Mvua za Novemba zikatukuta kwenye udongo mweusi, gari lililotupa lifti likazama siku nzima. Dada alichelewa kuwasilisha, wenzake wakahitimu, yeye akahitimu mwaka uliofuata. Hilo aliliweka kwenye barua moja tu na hakulirudia.

Hesabu mpya ilishuka sana. Haikushuka ya kutosha kusema hakuna tatizo, msije mkanielewa vibaya. Nyasi za chini bado zilikuwa hazitoshi. Lakini sasa aliweza kuandika kwa nini: sehemu ya malisho mazuri ya kiangazi ilikuwa chini ya ngano. Alinitumia nakala. Kaya namba 31 imeandikwa ng'ombe wanne. Kama kuna mkubwa yeyote aliyeisoma, sijui.

Sasa baba.

Tulipofika Tlawi kuhesabu upya ilibidi nimwambie kwamba nimetoboa siri. Alikuwa ananoa jembe. Hakuacha kunoa.

"Umemwambia mgeni kabla ya kumwambia mama yako," akasema.

"Na wewe, baba?"

Sijawahi kumjibu hivyo kabla wala baada. Aliondoka nyumbani kesho yake asubuhi na fimbo yake na blanketi, hakusema anakwenda wapi. Alirudi siku ya sita.

Nilichojifunza nakisema kwa woga, maana sina cheti cha kufundisha. Kijana uliyeuliza: Masters yako itategemea swali moja utakaloandika ukiwa mbali na watu. Kabla hujalichapisha, mpe mtu wa pale akujibu, kisha muulize ni kitu gani hujamuuliza. Na wewe utakayeajiriwa kubeba fomu, ukiona kosa sema siku hiyohiyo. Siku tisa ni nyingi.

Ila naomba wenye elimu mnisaidie. Je, nilikuwa na haki ya kutoa siri ya baba ili namba ya mtu mwingine inyooke? Yule dada angeweza kupata njia nyingine bila mimi kumtaja baba? Na kama kuna waliofanya utafiti kwa wafugaji, mlihesabuje? Nasoma maoni yote, hata ya kunisema.

Naacha na ukurasa wa siku baba aliporudi, nilivyouandika:

"Jumamosi, 20 Desemba. Mvua ya manyunyu tangu asubuhi, ukungu mpaka saa nne. Baba amerudi jioni amelowa, anamswaga Miwani na ndama wake jike. Mama akatoka jikoni, akasimama. Akasema, huyu si alikufa? Baba akasema, alipona. Mama akachukua kibuyu akaenda kukamua.

Baba mdogo akaja kabla ya giza, habari imeshamfikia. Akamzunguka Miwani mara mbili. Akasema, Lazaro alikaa kaburini siku nne, huyu miaka minne, kaka kweli una imani. Baba akamkabidhi kamba ya ndama bila kumtazama usoni. Baba mdogo akaipokea, akaifunga hapohapo kwenye nguzo yetu, akasema atamchukua kesho, leo mvua.

Nimemwandikia dada Restituta kwamba kaya 31 sasa wako watano na ndama, na kwa Mzee Gidabuya wapungue. Najua atasema niache.

Tumekula ugali wa mahindi na maziwa ya Miwani, na majani ya maboga. Baba mdogo amekula kwetu. Mama amempakulia yeye kwanza, halafu mimi, baba mwisho."