Ushanga Ndani ya Togwa

Kila nikisikia harufu ya togwa iliyochachuka, narudi uani kwetu Mtoni. Siku moja Baba, aliyewahi kuchimba almasi Shinyanga, alikuwa akiwaeleza majirani kwamba almasi zilitoka chini kabisa ya ardhi, zikapandishwa na mawe yaliyoyeyuka, yaliyojaa gesi, yakafumuka kwa kishindo.

"Ah, bwana, jiwe lipande lenyewe? Acha uongo!" Wakacheka. Baba akainamisha kichwa.

Nikakata uzi wa shanga zangu za Idi, nikatumbukiza ushanga mmoja kwenye chupa ya togwa, nikaziba kwa gunzi, nikatikisa kwa nguvu zote.

Gunzi likaruka, povu likafumuka, ushanga ukatua kwenye kofia ya jirani aliyecheka kuliko wote.

Baba akanibeba mabegani, nimelowa togwa hadi nywele.

"Haya, mwongo nani?" akawauliza majirani.