Tembe Ipo, Tembe Haipo

Mwaka juzi binti yangu alikuja Mkonze kunisaidia kuongeza udongo kwenye paa la tembe, nyumba yetu ya udongo, kabla ya mvua. Alikuwa hajakanyaga hapo miaka miwili, tangu nilipomfukuza kwa kuacha masomo ya sheria na kusomea dini za watu wa mbali. Alihamia kwa shangazi yake, Chang'ombe ya hapa hapa mjini kwetu. Nilitaka arudi nyumbani, ila sikujua nianzie wapi. Nikamuuliza habari za masomo.

"Nalinganisha madhehebu mawili ya Wabudha, baba," alisema huku akiukanyaga udongo. "La kwanza linasema tembe ni jina tu. Ukiichambua unabaki na udongo, maji, moto na upepo: ugumu, mshikamano, joto na mwendo. Hivyo ndivyo vilivyopo kweli."

"Kwa hiyo nyumba haipo? Na mvua itamnyeshea nani?"

Alicheka. Nilikuwa nimeanza kukisahau kicheko kile.

"La pili linasema hata vitu hivyo vinne havina kiini chake. Kila kimoja kinategemea vingine."

Hilo nililielewa kwa mikono. Udongo wa paa ukikosa maji hupeperushwa, yakizidi hutiririkia ndani. Sijawahi kuona udongo uliokaa imara peke yake. Nikamwambia hivyo.

"Ungefaa chuo, baba."

"Mimi wa kidato cha nne? Ningemfukuza mwalimu."

Hakucheka. Nikajaribu kujitetea: "Mimi ni mkali, mwanangu. Ndivyo nilivyoumbwa."

"Hata ukali wako hauna kiini. Una sababu zake."

"Basi, nilikosea."

"Kosa nalo ni jina. Lichambue."

Nikaweka ndoo chini. Nilisema kwamba nilimwita mpumbavu mbele ya shangazi yake. Kwamba nilimkataza mama yake kumpigia simu. Kwamba alipougua malaria nilipata habari, nikanyamaza. Yalinitoka kwa shida. Miaka miwili nilikuwa nikijiambia tu kwamba nilikosea, na neno hilo moja lilinitosha nisiyatazame mengine yote.

"Na sweta niliyokutumia?" aliuliza.

"Nilimpa jirani. Anaivaa kila kipupwe, na mimi namwonea wivu."

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Kisha akapangusa macho kwa kiwiko.

"Kesho nitaleta nguo zangu," alisema. "Lakini nipe chumba cha mwisho. Huku unakokoroma silali."